Taa ya Breki ya Kushoto

Sombetini, Arusha
Jumapili mchana, tumetoka kanisani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Na pokea shikamoo nyingine, ya mkweo Lembris, ameniambia niiandike mwanzoni kabisa nisije nikaisahau kwa maneno yangu mengi. Goti linaendeleaje? Unaweza sasa kushuka hadi kisimani bila fimbo? Na kahawa je, mmeanza kuchuma? Huku kwenye miteremko ya Meru nimeona zimeanza kuwa nyekundu. Nilichuma moja nikaifyonza kama nilivyokuwa nafanya utotoni, nikakukumbuka mpaka nikaketi chini.

Sisi miili yetu ni mizima, tunamshukuru Mungu. Ila nina habari ambayo sikuweza kukupa kwa simu. Simu yako inasikika hadi kwa jirani, na Baba Mkubwa huidaka kabla sijamaliza kusalimia. Ndiyo maana nimempa barua hii dada mmoja wa kwaya anayesafiri kwenda Songea. Isome mwenyewe, Mama. Vaa miwani, kaa peke yako. Nikimaliza kueleza nitakuomba jambo moja.

Unajua tangu tufunge ndoa, miezi saba sasa, nimekuwa mtu wa kucheka peke yangu. Wenzangu kiwandani tunakofungasha maharage mabichi walinipa jina la Bibi Harusi na hawajalibadilisha hadi leo. Wala sikukasirika. Niliwasimulia kila kitu, hata wasichouliza. Niliwaambia Lembris ananishika mkono barabarani. Wanaume wa huku hawawashiki wake zao mikono, Mama, wanatangulia hatua tano mbele kama hawawajui. Wangu, jua likianza kuzama tu, anautafuta mkono wangu na hauachii mpaka mlangoni. Niliwaambia pia jinsi anavyonitazama. Hanitupii jicho la pembeni. Anageuza uso wote, polepole, mpaka macho yake yatue kwenye yangu. Nilisema Arusha nzima hakuna mwanamke anayetazamwa hivi.

Niliwasimulia na Momela. Wiki ile ya harusi alinipeleka kwenye maziwa kule, na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, walikuwa wamejaa majini kana kwamba kuna mtu kamwaga maua. Nikarukaruka kama mtoto. Lembris akasema, "Niambie wakoje." Nikamwuliza, si unawaona? Akajibu, "Nataka kuwaona kwa mdomo wako." Mama, niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu nikayachorea moyo.

Unaikumbuka kirikuu yake, kile kigari cha mizigo ambacho Dada Editha alikipiga picha akakuonyesha. Ndicho kilichokuwa kikileta maharage kiwandani, ndipo tukajuana. Basi tangu harusi Lembris hajawahi kwenda safari bila mimi. Akiwa na mzigo wa kabichi au karoti wa kuleta kutoka Ngaramtoni, anapanga uangukie siku yangu ya mapumziko, au alfajiri kabla ya zamu. Alisema gari halina raha nisipokuwemo. Nilijiona malkia kwenye kiti kile chenye sponji lililotoboka.

Na njiani alikuwa na mchezo wake. "Sema unachokiona," ananiambia. Nami nasema: bodaboda kushoto, mama na ndoo anavuka, mbuzi watatu, shimo, lori linakuja. Alisema dereva mzuri ni yule anayeiona barabara mapema, kwa hiyo nianze kujifunza kwa mdomo kabla ya kushika usukani. Nilitangaza kwa madaha kama mtu wa mpira redioni.

Wiki mbili tu baada ya harusi akaniandikisha chuo cha udereva. "Mbona haraka hivi?" nikamwuliza. "Nataka mke wangu ajue kila kitu changu." Hilo nalo nikalipeleka kiwandani, wakapiga vigelegele.

Sasa, wiki iliyopita ikafika zamu yangu ya mtihani wa barabarani. Gari la chuo lilikuwa limeharibika gia boksi, na mwalimu wetu akasema mwenye gari nyumbani aje nalo, lakini lazima trafiki alikague kwanza. Likiwa na kasoro, mtihani hufanyi, unarudi nyuma ya foleni na foleni yenyewe ni ya miezi. Lembris alifurahi kana kwamba ndiye anayekwenda kutahiniwa.

Tulianza kuliandaa gari siku moja kabla, jua likiwa bado kali. Mimi nikaondoa majani ya kabichi nyuma, nikafagia, nikaosha bodi na vioo. Yeye akashughulika na mambo ya kiufundi. Oili aliipima kwa kile kijiti chake, kisha akaipaka kati ya vidole viwili akanusa. Maji ya rejeta aliyapima kwa kuchovya kidole. Tairi alizipapasa zote nne na ya spea, akaingiza kidole gumba kwenye mistari yake, akasema, "Hizi zina maisha bado." Nilisimama na ndoo yangu nikimtazama, nikawaza, huyu mwanaume anaijua mashine hii kama vile imetoka tumboni mwake.

Tukaweka pembetatu mbili za tahadhari nyuma ya kiti na mtungi wa kuzimia moto miguuni. Vibao vya L tukavifunga mbele na nyuma kwa mpira wa tyubu. Kisha akaniweka kwenye kiti cha dereva, akanipa mto kwa sababu ya ufupi wangu, akasema, "Fumba macho."

"Nifumbe? Kesho afande ataniambia nifumbe?"

"Fumba, mke wangu. Indiketa iko wapi?"

Nikaigusa.

"Waipa? Honi? Taa kubwa? Hendibreki? Usipapase. Mkono uende wenyewe."

Alinirudisha mara nyingi mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe. "Gari ulijue kwa mkono," alisema. "Macho yaachie barabara."

Mwisho zikabaki taa. Kazi ya taa haifanywi na mtu mmoja, Mama. Mmoja anakaa ndani anakanyaga, mwingine anasimama nje anasema. Nikakaa ndani. Yeye akaenda mbele, akazikagua. Akaenda nyuma.

"Indiketa!" nikapaza sauti.

"Inapepesa!"

"Sasa kanyaga breki!" akasema.

Nikakanyaga.

"Zinawaka zote, mke wangu! Nyekundu kama pilipili!"

Nikacheka, nikaachia pedali.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kuniandaa mimi. Akanichagulia raba zenye soli nyembamba ili niisikie klachi. Kitambulisho, leseni ya kujifunzia na cheti cha chuo tukavitia kwenye mfuko mmoja. "Asubuhi chai kikombe kimoja tu," akaniambia, "usije ukamwomba afande ruhusa ya choo katikati ya mzunguko." Na yeyo, ndivyo tunavyomwita mama yake, akaja na kibuyu cha maziwa mgando, akanitemea mate kidogo kwenye viganja. Ndiyo baraka yao hiyo. Usishtuke. Niliipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi mwalimu akaliendesha gari mpaka uwanjani, sisi wawili tumebanana pembeni yake. Lembris alisema mgongo unamuuma, hawezi kuendesha. Tulikuwa watahiniwa kama kumi hivi, kila mtu anatafuna kucha. Mtahini alikuwa afande wa kike, mtu mzima, mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe. Akazunguka kirikuu yetu. Akapiga tairi teke, akafungua boneti, akasema, "Safi." Moyo wangu ukapanda. Akaniambia nikae ndani nikanyage breki.

Nikakanyaga.

"Kanyaga, dada!"

"Nimekanyaga, afande!"

"Ya kushoto imekufa. Nani kakuandalia gari?"

"Mume wangu, afande. Yule pale."

"Taa alikagua?"

"Alikagua jana. Alisema zinawaka zote."

"Basi mwambie kesho akakaguliwe macho na yeye!"

Wakacheka wote, hadi mwalimu. Mimi pia nilicheka, Mama, Mungu anisamehe. Nikamgeukia Lembris nikitegemea atajibu utani, maana yeye ni mtu wa utani. Hakucheka. Alikuwa ameuelekeza uso mahali ambapo afande alikuwa amesimama mwanzo, na afande alikwisha kuhama.

Afande alikuwa na huruma. Akasema atatahini wengine kwanza, nikiweza kubadilisha balbu kabla hajamaliza nitafanya, nisipoweza nirudi nyumbani. Mwalimu akatoa balbu kwenye sanduku lake. Mimi nikashika bisibisi, Lembris akaniongoza kwa vidole, anagusa skrubu na kuniachia, anagusa skrubu nyingine. Nikamnong'oneza, "Mbona ulisema zinawaka zote?"

"Niliona moja," akasema. "Nikaamini na nyingine ipo."

"Ulisimama wapi?"

Akagusa skrubu ya mwisho. Taa ikawaka. Nilipoingia kwenye gari akainama dirishani, akasema, "Endesha kwanza. Yetu yatasubiri."

Nikaondoka na afande pembeni. Nilirudi rivasi kati ya vigingi bila kukigusa hata kimoja, kisha tukaingia barabarani kuelekea Kijenge. Kumbe mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi bila mimi kujua.

"Bodaboda kushoto," nilikuwa nasema. "Mtoto na baiskeli. Tuta. Mwanamke na beseni anataka kuvuka."

"Wewe dada," afande akasema, "unaongea na nani?"

"Samahani, afande. Nimezoea."

"Umezoea kumsomea nani barabara? Mimi naona."

"Namsomea mume wangu."

Mama, neno hilo lilipotoka mdomoni ndipo nikalisikia. Sijui nikuelezeje. Kila kitu kilikuja kwa mpigo mmoja. Mkono wangu anaoutafuta jua likizama. Uso anaougeuza wote. Heroe wa Momela. Safari asizoenda bila mimi. Vitu vyote nilivyokwenda kujivunia kiwandani, kimoja kimoja, vikanigeukia.

Na hapo hapo ndipo afande aliponiambia, "Simama." Tulikuwa katikati ya kilima, gari limeinua pua. Unajua mtihani wa kilima? Unasimama, unavuta hendibreki, halafu unaondoka bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Wengi wanaanguka hapo. Machozi yalikuwa yamejaa, barabara imekuwa ukungu mtupu, nikafumba macho kidogo kuyakamua. Mkono ukaenda wenyewe kwenye hendibreki. Mguu ukaisikia klachi kupitia ile soli nyembamba. Kirikuu ikatetemeka, ikapanda. Haikurudi nyuma.

Tuliporudi uwanjani afande aliandika karatasi yake, akanitazama. "Umefaulu. Sasa mbona unalia kabla hujaambiwa?"

Nikasema ni furaha. Akasema, "Hongera, mdogo wangu," lakini nadhani hakuniamini.

Wenzangu walinipigia makofi. Lembris akaja huku mkono wake unateleza kwenye bodi ya gari. Akafika mlango wa dereva kwa mazoea, akashika kitasa, akasimama. Kisha akazunguka mbele, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda. Mwalimu alikuwa bado anaongea na watu. Tulibaki wawili ndani ya gari lililosimama.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Kabla ya posa."

"Baba Mkubwa alipokuja Arusha kupokea posa aliuliza kama kuna ugonjwa."

"Aliuliza. Mshenga akasema hakuna, maana hakujua. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza."

"Na mizigo yote hiyo tuliyobeba? Mbuzi, watoto, watu barabarani?"

"Tangu nikose kidogo kumgonga mzee wa watu pale Ngaramtoni sijaendesha peke yangu. Nilikuwa na wewe."

Nikamwambia neno baya, Mama. Nilimwambia, "Kwa hiyo ulioa macho."

Akanigeuzia uso wote. Akasema, "Nilikuoa kwa sababu nakupenda. Nikanyamaza kwa sababu niliogopa utaondoka. Yote mawili ni kweli, usinichagulie moja."

Nilikasirika kwa siku tatu. Sijawahi kumkasirikia mtu namna ile. Nilipika, nilifua, sikuongea. Lile daftari la mioyo nililitia uvunguni mwa kitanda. Na siku ya tatu, tulipokuwa tunatoka dukani jua linazama, alinyoosha mkono wake kama kawaida na mimi sikuushika. Nilitangulia hatua tano mbele, kama wanaume wa huku. Nikavuka kile kidaraja cha ubao juu ya mtaro. Nikasikia hatua zake zimekoma. Sikugeuka. Nilisubiri aniite, Mama, nilitaka aniite ili nipate kumkatalia. Hakuniita. Nilipogeuka nilimwona amesimama ukingoni, anautafuta ubao kwa ncha ya kiatu, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto, na mfuko wa sukari ameukumbatia kifuani usimwagike.

Nikarudi, nikamshika mkono. Sikuuachia mpaka mlangoni.

Tumekwenda hospitali pamoja. Daktari anasema ni presha ya macho. Ameniambia Lembris anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu, katikati tu, na tundu lenyewe linaendelea kuziba. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Nilimwuliza kitabaki kwa muda gani, akasema hawezi kuniahidi. Ninamtia matone asubuhi na jioni. Anafumbua macho makubwa kama mtoto, nami nayatazama kwa karibu, mazuri, meusi, Mama, hayana alama yoyote. Ukiyatazama huwezi kujua. Mimi niliyatazama miezi saba sikujua.

Usukani hagusi tena. Nikipata leseni mkononi nitaacha kiwanda, niendeshe mimi, yeye apakie na kushusha. Nguvu anazo na wakulima wanamwamini. Mwalimu anatusaidia kuendesha hadi siku hiyo. Ninaogopa, sitakuficha. Zipo saa ninazosimama jikoni na sufuria mkononi nimesahau nilitaka kufanya nini. Bado ninampenda kwa namna ile ile ya kijinga. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba furaha haikuondoka ikaniachia nafasi ya kulia vizuri.

Baba Mkubwa atasema tulidanganywa, na kweli tulidanganywa. Atataka kuita kikao, nirudishwe nyumbani. Mwambie wewe, kwa sauti yako ile ya taratibu anayoiogopa, kwamba sirudi. Akitaka kumgombeza Lembris, atamgombeza uso kwa uso tukija, na Lembris amesema atakaa asikilize mpaka mwisho.

Nisalimie Bibi, mwambie blanketi lake nimeshalinunua, ni la bluu. Nisalimie Dada Editha na cherehani yake, na shemeji, na Mjomba Kastori anayetuchumia kahawa. Katekista mwambie aniombee, asitaje sababu. Yeyo anakusalimu sana, anasema mnalingana magoti, mbovu kwa mbovu.

Sasa ombi langu, Mama. Nilikuahidi tungekuja Krismasi. Tutakuja mapema zaidi, mwezi ujao, kwa basi. Hukuweza kuja harusini na Lembris hajawahi kukuona. Picha niliyo nayo ni ndogo, anaiweka karibu na pua na haimsaidii. Najua kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Anainamisha kichwa, anapita kando. Amenihakikishia ataishika heshima hiyo. Mimi nakuomba wewe uivunje, siku moja tu.

Tutalala Songea ili tufike kwako mchana. Usitupokee jikoni penye moshi. Vaa kitenge chako cha njano, toka uani kwenye jua, simama mbele yake, karibu, moja kwa moja, si pembeni, maana pembeni kwake hakuna kitu tena. Atageuza uso wote, polepole, kama anavyonitazama mimi. Usione haya. Usiangalie chini. Mwache akutazame mpaka amalize.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Yustina